Nimechangia damu Mbeya, nimeambiwa nina homa ya ini B. Mke ni mjamzito, nianzie wapi?

Mkulima wa Uyole:
Habari za jioni wakuu. Mama mdogo alipofanyiwa upasuaji hapa Mbeya, ndugu tuliombwa kuchangia damu. Juzi nikapigiwa simu nirudi. Mhudumu akasema kipimo kimeonyesha homa ya ini B, akanipa karatasi ya kliniki, basi. Foleni ilikuwa ndefu.

Silali. Mke ana mimba ya miezi sita, hajui chochote. Na mama mdogo je, kama aliwekewa damu yangu? Macho yangu hayana manjano, viazi nalima kama kawaida.

Dada wa Maabara:
Pole sana kaka. Mama mdogo hakuwekewa damu yako. Kila chupa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Ikikutwa na kitu haitoki, inateketezwa.

Kipimo hicho ni cha kuchuja tu, kirudiwe. Virusi vikiwepo zaidi ya miezi 6 ndipo huitwa sugu. Watapima pia ini linavyofanya kazi na wingi wa virusi. Si kila mtu huanzishiwa dawa. Manjano yasikudanganye, wengi hawaoni dalili yoyote miaka mingi. Chanjo hii kwa watoto wachanga nchini ilianza 2002, sisi wakubwa wengi hatukuipata na wapo walioambukizwa tangu utotoni. Kwa hiyo msianze kutafutana ubaya.

Mke mwambie leo, apime. Akiwa hana, achanjwe sindano tatu, ujauzito hauzuii. Kwa sasa tumieni kondomu. Akiwa nayo, mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Ile ya kawaida ya mtoto akifika wiki ya 6 itakuwa imechelewa! Ulizeni mapema kama mtakapojifungulia wanayo, msingoje uchungu.

Mnyalukolo:
Mkuu, niliambiwa hivyo hivyo 2019. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, niliacha siku ileile, na kwetu Iringa masika bila ulanzi ni mtihani. Mahindi yenye ukungu usile, sumukuvu ikikutana na virusi hivi saratani ya ini inakuwa karibu. Wembe na mswaki viwe vyako peke yako. Sahani kula na wanao. Mimi nilitengewa kikombe mwaka mzima bila sababu, mpaka leo inaniuma.

Mkulima wa Uyole:
Asanteni sana. Nimemwambia sasa hivi, tunaota moto jikoni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza Jumatatu tutoke saa ngapi.

Dada wa Maabara:
Wahini asubuhi. Abebe na kadi yake ya kliniki.