Msaada: picha za sarafu za zamani kwa ajili ya katalogi, zinawaka au zinatoka nyeusi

Binti_Kirumba:
Wakuu habari zenu. Marehemu babu alituachia mkebe wa sarafu, kuna shilingi zile za simba za East Africa, senti zenye tundu na heller mbili, zile sarafu za enzi ya Mjerumani. Familia tumekubaliana tuuze zile zilizojirudia, nikasema nitengeneze katalogi ya kueleweka maana wakusanyaji wengi wako mbali na hawatumi hela bila kuona kitu. Shida picha. Natumia simu, nakaa dirishani, jua la jioni likirudi kutoka ziwani sarafu inawaka yote hata maandishi hayasomeki, nikivuta pazia inatoka nyeusi kama mkaa. Flashi ndo balaa kabisa. Nawaza nizisugue na ndimu na majivu zing'ae kwanza, mnasemaje?

Mzee wa Mabatini:
Mwanangu USISUGUE, nakuomba. Mkusanyaji akiona sarafu iliyosuguliwa anaijua papo hapo, bei inaanguka na haipandi tena, ile rangi ya uzee ndo anayoitafuta. Hata kuishika shika ukingoni, usiguse uso wake kwa kidole. Na kama ina mkwaruzo uonyeshe kwenye picha, tena uuandike. Mimi niliwahi kununua shilingi kwa picha nzuri sana, ilivyofika ina ufa ukingoni, mpaka leo muuzaji yule sinunui kwake.

Lenzi_Capri:
Dada sarafu ni kama kioo, inaonyesha kilicho mbele yake. Ukiweka simu juu yake moja kwa moja inajiona yenyewe simu, ndo weusi huo. Ukilielekezea jua linarudi lote kwenye lenzi, ndo kuwaka. Sasa piga asubuhi kabla jua halijageukia upande wenu, au funga pazia kabisa utumie taa mbili za aina moja, moja juu kushoto nyingine juu kulia, mbele ya kila taa weka karatasi nyeupe nyepesi mwanga ulainike. Zisogeze taratibu huku unaangalia skrini, kuna mahali utaona manyoya ya simba yanainuka yenyewe, hapo hapo simamisha. Simu iegeshe kwenye kitu, isishikwe mkononi, irudi nyuma kidogo halafu vuta zumu mara mbili, maana ukiisogeza karibu sana inaweka kivuli. Usichanganye taa ya njano na mwanga wa dirisha, fedha itaonekana shaba. Na hilo kwako ni kubwa, kama heller zako ni zile za 20 za Tabora za 1916 zilitengenezwa za shaba nyekundu na za shaba ya njano, yaani iliyochanganywa zinki, rangi ikikosea umemdanganya mteja bila kujua.

Mchapaji wa Makoroboi:
Naongezea upande wa dizaini. Umbali wa simu usibadilike kwa sarafu zote, la sivyo senti na shilingi zitalingana ukubwa kwenye ukurasa. Bekgraundi ya kijivu, hizo zenye tundu zinakaa vizuri. Weka pande zote mbili, chini yake mwaka, kipimo kwa milimita, hali yake, bei. Mwaka uwe mkubwa usomeke, maana shilingi ya simba ya 1921 mpaka 1946 ina robo fedha, kuanzia 1948 haina fedha kabisa, na simba ni yule yule. Kama utachapa kijitabu cha kupigwa pini katikati hesabu kurasa zigawanyike kwa 4, picha ziwe 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Ukituma WhatsApp tuma PDF kama dokumenti, picha ikienda kama picha inabanwa na mikwaruzo yote inapotea.

Binti_Kirumba:
Asanteni sana, Mzee wangu shikamoo na asante kwa kuniwahi, ndimu nilishakata. Leo asubuhi nimejaribu taa mbili na karatasi za daftari, simba ametokea mpaka meno. Nimegundua shilingi tatu ni za 1924 na nilikuwa nimeziweka fungu moja na za 1952, kwa bei moja. Nazitenga sasa hivi. Heller nitazipiga kesho nikipata taa ya pili inayofanana na hii.