Tupeane uzoefu: usiku wa kuita koyote na mbweha, upepo, kilio na macho gizani

Mchunga Mbuzi (Texas)

Wakuu, habari za usiku. Nafungua uzi huu kwa ajili yetu sisi tunaokesha na bunduki au tochi kwa sababu ya wanyama wanaotumalizia mifugo. Kila mmoja asimulie usiku mmoja tu, ule uliomfundisha kitu. Habari za nani kaua wangapi tuziache, hazimsaidii anayeanza.

Naanza mimi. Nimekulia Dodoma kwa wafugaji, na sasa nachunga mbuzi wa Boer magharibi ya Texas, si mbali na San Angelo, nchi ya kondoo na mbuzi tangu enzi. Kwa asiyemjua, koyote ni jamaa wa mbweha wetu wa mgongo mweusi, ila mkubwa zaidi, rangi ya majivu yaliyochanganyika na mchanga. Kiswahili chetu kinawaita wote mbweha, kwa hiyo humu nitasema koyote kwa huyo, na mbweha kwa yule mdogo mwenye mkia kama ufagio.

Ilikuwa Februari, mbuzi wanazaa. Tulipoteza watoto watatu ndani ya wiki. Mimi nilishataka kutoka usiku uleule, lakini mzee mwenye shamba akaniita kwanza, akachukua kisu, akachuna ngozi ya shingo ya yule aliyekufa alfajiri. Kwa nje huoni kitu, manyoya yamelala tu. Chini ya ngozi, hapo kooni, kulikuwa na matundu manne na damu imeganda nyeusi kuyazunguka. Akaniambia: huyu ni koyote, anabana koo. Mbwa wa mtaani angerarua mapaja na masikio, akamkimbiza huku na huku, mara nyingi hata hali. Tangu siku hiyo sitoki kuwinda kabla sijachuna shingo. Wanaolaumu koyote kwa kazi ya mbwa wa jirani ni wengi mno.

Usiku tukatoka. Kuita maana yake unapiga sauti ya mnyama anayeteseka, kwa kawaida sungura, na mwindaji mwenye njaa anakuja kuangalia kuna nini. Wengine wanatumia kifilimbi cha mdomo, sisi tulikuwa na spika ya rimoti. Niliiweka hatua kama hamsini kutoka nilipokaa, upepo ukivuka kutoka kushoto kwangu kwenda kulia. Hapo ndipo penye siri yote. Koyote haji moja kwa moja akiweza kuzunguka. Atazunguka mpaka afike mahali upepo unapomletea harufu ya kilichokuwa kinalia. Kwa hiyo jicho lako linakaa upande unakoelekea upepo, na asipite nyuma yako, kwa sababu akikunusa tu, biashara imekwisha na kesho hatakuja tena kwa sauti hiyo.

Nilianza na sauti ya chini kabisa. Ukianza kwa kelele na kumbe yuko mita mia, umemfukuza. Dakika ya kumi na mbili hivi nikaona kwenye darubini ya joto, ile inayoonyesha joto la mwili gizani, kitu cheupe kinakuja mbio kutoka upande wa zizi. Kidole kikaenda kwenye kifyatulio. Mwendo wake ukanisumbua. Koyote hushusha mkia anapokimbia, na husimama, husikiliza, hukata kona. Huyu mkia ulikuwa juu, na alikuwa anakuja wima kama mtu anayeitwa kwa jina. Nikaondoa kidole. Alikuwa mbwa wetu mlinzi, yule mkubwa mweupe wa aina ya Great Pyrenees, ameruka uzio kwa sababu amesikia kilio akadhani ni mtoto wa mbuzi. Ndiyo kazi yake! Tumemlea tangu akiwa na wiki nane alale na mbuzi, na mimi nilikaribia kumuua kwa kuwa alifanya kazi yake.

Nilikaa chini muda mrefu. Mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kufunga begi. Kwenye darubini, mbali upande wa kulia, koyote wawili walikuwa wanaondoka taratibu.

Sasa hivi kabla ya kuita, mbwa wote wanafungwa ndani, majirani wanapigiwa simu, na mlinzi wa wanyamapori wa wilaya anapewa taarifa kwamba kutakuwa na taa na milio. Karibuni.

Kijana wa Uvira (Iowa)

Ndugu, asante. Hiyo ya mbwa imenigusa sana.

Mimi niko Iowa, nafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na jumamosi natoka na rafiki yangu wa kazini ambaye baba yake ana kondoo. Huku usiku wa kuwinda ni Januari na Februari. Theluji ikilala na mwezi ukitoka, unaona koyote kwa macho matupu, kitone cheusi kwenye shamba la mahindi lililovunwa. Lakini na yeye anakuona. Tunavaa nguo nyeupe mpaka kofia.

Usiku wangu wa kwanza ilikuwa baridi ya kutisha, chini ya sifuri digrii ishirini. Nilipuliza kifilimbi mara mbili, mara ya tatu kikatoa pumzi tu. Nikafikiri kimevunjika. Kumbe mate yameganda kwenye ule ulimi mwembamba wa ndani. Rafiki yangu akakitoa mkononi mwangu bila kusema neno, akanipa cha kwake kilichokuwa kwapani ndani ya koti. Tangu hapo natembea na viwili: kimoja mdomoni, kimoja kwapani.

Jambo jingine ni miguu. Theluji iliyoganda inalia kama unakanyaga vioo. Tuliwahi kuacha gari, tukatembea dakika kumi, tukakaa, tukaita nusu saa, hakuna kitu. Tuliporudi tukakuta nyayo zake juu ya nyayo zetu. Alitusikia tangu mlango wa gari ulipofungwa, akatufuata nyuma. Sasa mlango hatuupigi, tunausukuma mpaka ushike.

Na majira yana lugha yake. Kuanzia Januari hadi Machi wanatafutana, ukipiga mlio wa kuita mwenzake unaweza kumleta dume ambaye sungura hamjali kabisa.

Mgeni (Houston)

Wakuu samahani, swali la kisheria. Mimi nina green card tu. Naruhusiwa kumiliki bunduki ya kuwindia? Na leseni?

Mchunga Mbuzi (Texas)

Mkuu, mwenye green card anaruhusiwa kununua bunduki kwa sheria ya taifa, mradi hana rekodi ya makosa yanayomzuia. Mwenye viza ya muda ndiye anayekatazwa, isipokuwa ana leseni ya kuwinda au anaingia kwenye nafuu nyingine chache, na huyo asifanye kitu kabla ya kuongea na mwanasheria. Kosa dogo hapo linakugharimu makazi yako.

Leseni ya kuwinda utahitaji. Hapa Texas aliyezaliwa kuanzia Septemba 2, 1971 lazima pia apitie mafunzo ya mwindaji. Koyote huwindwa mwaka mzima, na usiku inaruhusiwa kwenye ardhi ya mtu kwa idhini yake. Akiwa anashambulia mifugo, au ametoka kushambulia, hata leseni haidaiwi. Barabarani usithubutu kuwinda wala kumulika. Na ukivuka mpaka wa jimbo uanze kusoma upya, taa na darubini kila jimbo lina yake.

Mama Kondoo (Wales)

Habari zenu wanangu. Mimi ni wa Tanga, nimeolewa huku Wales kwenye milima ya kondoo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Koyote hatuna, tuna mbweha mwekundu. Kumwinda kwa kundi la mbwa kulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2004, lakini kumpiga risasi usiku kwa taa kunaruhusiwa ukiwa na kibali cha silaha kutoka polisi na idhini ya mwenye ardhi. Mume wangu anashika bunduki, mimi nashika taa na ndiye ninayeita.

Spika sina. Naweka midomo nyuma ya kiganja changu, pale karibu na kifundo, nalowesha, nafyonza. Inatoka sauti nyembamba ya sungura anayebanwa. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, akiwa na miaka sabini na kitu. Kukiwa na upepo mkali naikwaruza sponji nyeupe ngumu ile ya kufungashia televisheni kwenye kioo cha gari kilicholowa. Inakera masikio lakini mbweha anaisikia ng'ambo ya bonde.

Nataka kusema jambo ambalo wawindaji hawapendi kulisikia. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Aprili, tulikuwa tunakuta wanakondoo wameliwa kila asubuhi. Tukatoka usiku sita mfululizo. Mbweha alikuwepo, macho yake tuliyaona, lakini alishajua taa. Ukiwasha anageuza uso na kulala chini. Usiku wa saba nikaomba tusipige, tukae tu zizini gizani nitazame. Saa nane kondoo mmoja akazaa mapacha, wa pili akatoka amekufa. Mama yake akamlamba, akamwacha. Haikupita nusu saa, mbweha akaja kimya, akala kondo la nyuma kwanza, kisha akambeba yule mfu. Aliye hai alikuwa amesimama pembeni ya mama yake, hakumgusa.

Tulimwita daktari wa mifugo. Shida ilikuwa kwa kondoo wenyewe, mimba zilikuwa zinaharibika kwa maradhi. Tungeua mbweha wote wa bonde lile na bado tungeokota maiti. Sisemi mbweha hali wanakondoo wazima, wapo wanaokula, na huyo tunamfuata. Lakini kaeni usiku mmoja bila bunduki kwanza.

Dereva wa Mara (Narok)

Shikamoo mama. Umesema kweli.

Huku Kenya kuwinda kulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sina cha kusimulia cha risasi. Lakini kuita nimekuona kwa macho yangu, maana niliendesha gari la watafiti wa simba na fisi. Wanafunga spika juu ya paa la Land Rover, usiku wanapiga kilio cha ndama wa nyati, wanachanganya na kelele za fisi wakigombea mzoga. Kisha taa inazimwa na tunasubiri. Fisi wanaisikia kutoka kilomita kama tatu. Usiku mmoja walianza kufika wawili wawili, wakasimama kulizunguka gari, nilisikia pumzi zao kupitia kioo nilichoacha wazi kidole kimoja. Kazi ya watafiti ni kuhesabu. Hawarudii mahali pamoja mara kwa mara, kwa sababu mnyama akidanganywa anazoea na hesabu inaharibika. Ni yaleyale mnayosema ya koyote.

Na nyumbani niliyaona kwa hasara yangu. Mtoto wa mbuzi alisahaulika nje ya boma jioni. Alilia usiku kucha, sisi tulidhani yuko ndani na amekosa ziwa. Fisi walikuja kwa kilio hicho, wakamchukua, na wakiwa pale wakatafuta pa kuingilia. Asubuhi tulikosa mbuzi tisa. Tangu siku hiyo tunahesabu mara mbili: wakiingia, na baada ya kula. Akilia mmoja usiku, mtu anaamka.

Tumefunga pia taa za kumetameta kuzunguka boma, za aina ile aliyobuni Richard Turere akiwa mtoto wa miaka 11 huko Kitengela kuwafukuza simba, habari yake ilienea dunia nzima mwaka 2013. Kwa simba zinasaidia. Kwa fisi, miba mizito na mlango mzuri ndio naamini zaidi.

Binamu wa Cuero (Texas)

Mimi naongeza kidogo. Niliita koyote mwaka juzi, akaja kitu kisicho na manyoya hata moja, ngozi ya kijivu imekunjana, masikio makubwa. Shangazi yangu aliyekuwa amekuja kutoka Pemba aliona picha akasoma dua. Alikuwa koyote mwenye upele wa wanyama, ule unaoangusha manyoya yote. Huku kwetu Cuero mwaka 2007 alipatikana kama huyo, watu wakasema ni zimwi linalonyonya damu ya mbuzi, vipimo vya DNA vikaonyesha ni jamii ya koyote. Mkikutana naye msimguse kwa mikono mitupu, na mbwa wenu msiwaache wamkaribie.

Mchunga Mbuzi (Texas)

Mama Kondoo, nimefuata ushauri wako. Jana nilikwenda bila bunduki, na spika na darubini tu.

Upepo ulikuwa mwembamba kutoka kusini. Niliwasha kilio cha panya, chini kabisa. Dakika ya tatu tu akatokea mbweha wa kijivu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye spika, akainusa, akaigusa kwa mguu wa mbele. Huyo hana habari na mbuzi wetu, anakula panya, panzi na matunda ya mikaktasi. Nikasogeza goti, jiwe likalia. Hakukimbia mbali. Alipanda mwaloni uliolala upande, kama paka, huyu hupanda miti kweli, akakaa kwenye panda ya pili. Nikazima sauti. Alikuwa bado juu ananitazama nilipomaliza kukunja vyombo, na mbwa kule zizini hawakubweka hata mara moja.