Mama yuko Kakamega, ruta iko Nakuru: nyumba yangu ni ipi?

Mwanzisha mada, Kiamunyi:
Wadau, naileta hapa kwa sababu tumeizozania sebuleni kwangu tangu Jumamosi na hakuna aliyekubali kushindwa.

Naishi Kiamunyi, Nakuru, na mke na watoto wawili. Kila mwezi nalipia huduma ya filamu za mtandaoni. Kampuni siitaji, haiko hapa kujitetea. Nimechukua kile kifurushi kikubwa cha skrini nne kwa wakati mmoja, na hata siku ya mvua hatuzimalizi. Kwa hiyo Desemba iliyopita nilipomnunulia mama tivii, kule nje kidogo ya mji wa Kakamega, nikaiingiza akaunti yangu humo. Wajukuu wakienda likizo wapate katuni zao, naye atazame anachopenda. Miezi ikaenda vizuri. Majuzi skrini ikaandika kwamba tivii hiyo si ya kaya ya mwenye akaunti. Mama akamwita kijana wa jirani amsomee, kisha akanipigia: "Kwani mmenitoa kwa nyumba?"

Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Sasa niambieni. Ukiuziwa kifurushi cha nyumba nzima, nani mwenye haki ya kusema nyumba yako inaishia wapi? Mimi nasema si kampuni. Stima ya mama nalipa mimi, hospitali nalipa mimi. Na kwetu nyumba si nyumbani: nyumba ni pale unapolipa kodi, nyumbani ni pale utakapozikwa. Wahesabu vichwa, au wahesabu skrini kama walivyoahidi. Kuta waniachie mwenyewe.

Fundi wa intaneti, Kisumu:
Mimi hufunga intaneti majumbani, Kondele hadi Mamboleo, na swali hili naulizwa nikiwa juu ya ngazi. Kabla hatujagombana tujue kwanza mashine inaona nini. Kampuni yako hujaitaja, sawa, nitaeleza ya Netflix kwa sababu masharti yake yameandikwa wazi.

Mashine haimjui mama yako. Haijui ukoo. Inaiangalia tivii: iko kwenye intaneti gani, anwani ya mtandao ni ipi, kifaa chenyewe kina utambulisho gani, akaunti imekuwa ikitumikaje. Tivii ya mwenye akaunti inakuwa nguzo, na kila kifaa kilicho kwenye intaneti hiyohiyo kinahesabiwa kaya moja nayo. Habari za kukufuata kwa setilaiti ni porojo, wenyewe wamesema hawatumii. Ukiwa safarini unaomba msimbo wa muda, unatumwa kwenye barua pepe au simu ya mwenye akaunti, na usipouingiza ndani ya dakika 15 unaanza upya. Anayetazama kwa simu tu, bila tivii yoyote kwenye akaunti, hana haja hata ya kuandikisha kaya.

Sasa uone inavyogeuka ikifika huku. Nyumba nyingi ninazoingia hazina ruta, kile kifaa cha kugawa intaneti ya nyumba. Tivii inakula bando la simu ya baba, na baba akitoka intaneti inatoka naye. Jioni mama anawasha ya kwake, laini ya kampuni nyingine. Anwani za data za simu zenyewe hubadilika, tena anwani moja huchangiwa na wateja chungu nzima. Kwa hiyo familia inayolala chumba kimoja Nyalenda inaweza kuonekana kwa mashine kama watu wanaohamahama, huku vijana sita wa ploti moja, hawajuani hata majina, wakionekana ndugu wa tumbo moja kwa sababu wako kwenye waifai ya landilodi.

Kama ni kosa, kosa ni hapo. Walitaka kupima familia, wakapima ruta.

Karani, Section 58:
Ndugu wa Kiamunyi, pole kwa mama, lakini umetia machozi kwenye hesabu.

Landilodi wangu hututoza maji kwa nyumba. Nikivuta mpira hadi kwa shemeji ploti ya pili, siwezi kumwambia landilodi kwamba shemeji ni damu yangu. Kifurushi cha nyumba ni rahisi kwa sababu kimepimwa kwa nyumba. Ukitaka kihesabu ukoo, kitapimwa kwa ukoo, na bei yake usilie.

Na msijifanye mmeshtukizwa. Ni kweli Machi 2017 Netflix waliandika kwenye Twitter kwamba mapenzi ni kupeana paswedi. Wakati ule walikuwa wanatafuta wateja. Aprili 2022 wakatangaza kwamba wamepoteza wateja 200,000 ndani ya miezi mitatu, na kwamba mbali na kaya milioni 222 zinazolipa, kaya nyingine zaidi ya milioni 100 zinatazama kwa akaunti za watu. Walikuwa wameshaanza majaribio Chile, Costa Rica na Peru. Mei 2023 wakafunga mlango Marekani na katika nchi nyingine zaidi ya 100. Watu wakaapa kuhama. Mwisho wa 2024 wateja walikuwa wamepita milioni 300. Maana yake waliokuwa wakipanda bure walikuwa na nauli mfukoni.

Mwanzisha mada:
Karani, maji yakienda kwa shemeji tangi linapungua. Filamu aliyotazama mama inapungua wapi?

Karani, Section 58:
Filamu haipungui. Inayopungua ni pesa ya kutengeneza inayofuata, na nina wasiwasi wakianza kukata watakata za huku kwanza.

Mwanafunzi, Maseno:
Sisi wanne, chumba kimoja, makabila matatu, akaunti moja. Tunachanga kwa M-Pesa kila tarehe mbili. Tunalala pamoja, tunapika pamoja, tunagombania rimoti pamoja. Sisi ni kaya au si kaya? Nauliza tu kabla sijalipa ya mwezi huu.

Mwalimu, Bungoma:
Mwanangu, hilo lina jibu la serikali. Nilihesabu watu katika sensa ya Agosti 2019 na tulifunzwa maana ya kaya mpaka tukaiota: mtu au watu wanaoishi katika boma moja, si lazima jengo moja, wanaokula chungu kimoja, na walio chini ya mkuu mmoja. Mambo matatu hayo, na sisi tuliyapima kwa miguu na maswali.

Nilifika boma moja lenye majengo matano. Kijana mkubwa alikuwa na simba yake, yaani kibanda cha kijana asiyeoa, pale langoni, kitanda chake, kufuli yake, redio yake. Nikamuuliza, jana usiku ulikula wapi? Akaonyesha kwa mama. Nikamwandika kaya ya mama. Ndugu yake aliyeoa, hatua thelathini kutoka hapo, mke wake anapika kwake. Kaya nyingine. Mama mtu alinuna, akidhani serikali inamgawia watoto.

Kwa hiyo mwanzisha mada, nisamehe, kwa kipimo chetu wenyewe, si cha wazungu, mama yako ni kaya yake na wewe ni kaya yako. Wewe ulihesabiwa Nakuru.

Lakini kipimo hichohicho kinaisuta kampuni pia. Sisi tuliuliza chungu. Wao wameuliza waya. Yule kijana wa simba, kama tivii yake inatumia bando la simu yake, mashine itamtoa nje ya kaya ambayo anakula ndani yake kila siku.

Mwanafunzi, Maseno:
Mwalimu, sisi chungu ni kimoja. Mkuu ndiye hatuna.

Mwalimu, Bungoma:
Nani mwenye gesi?

Mwanafunzi, Maseno:
Sawa, nimeelewa. Ni yeye.

Mama wa biashara, Milimani Kisumu:
Mnazungumza habari za mama na wajukuu, lakini walioharibu haya mambo hamuwataji. Ni wale wa "nauza nafasi kwenye akaunti". Nililipia nafasi kwenye kundi moja la mtandaoni, robo ya bei, nikapewa paswedi na onyo la kutogusa chochote. Siku ya tisa nikatolewa. Mwenye kundi akaniambia niongeze pesa, kisha akaniblok. Nimlalamikie nani? Akaunti haikuwa yangu, risiti sina.

Halafu jingine ambalo wanaume humu hamtalisema. Kupeana paswedi ni rahisi, kuirudisha ndiyo kazi. Nilipoachana na mtu fulani, alikaa kwenye akaunti yangu mwaka mzima. Nilikuwa naona alichotazama na saa alizotazama, naye aliona yangu. Tena paswedi ile ndiyo ilikuwa ya barua pepe yangu. Ujinga wangu, najua. Kwa hivyo siku kampuni ilipoanza kuuliza nani yuko nyumba gani, mimi nilishukuru.

Msomi wa sheria, Busia:
Kabla mtu hajaanza kutishia wenzake: ile Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inazungumzia kutoa nywila bila idhini. Mwenye akaunti kumpa mama yake nywila yake mwenyewe ni jambo la mkataba kati yake na kampuni. Dawa ya kampuni ni kufunga mlango, si kumwita askari. Wa kuuza nafasi ndio wangepaswa kulala macho wazi.

Mama wa biashara, Milimani Kisumu:
Askari mwenyewe yuko kwenye kundi.

Fundi wa intaneti, Kisumu:
Kwa kulinganisha, wa muziki wamekwenda njia nyingine. Kifurushi cha familia cha Spotify ni watu hadi sita, kila mmoja na akaunti yake na paswedi yake, na sharti ni mkae anwani moja. YouTube nao ni msimamizi na wengine watano wa nyumba moja, na kuna ukaguzi wa mtandaoni kila siku 30. Hilo la kila mtu na akaunti yake nalipenda, linamaliza lile tatizo la dada wa Milimani.

Ila anwani! Jazeni anwani yenu hapa tuone. Ya kwetu ni: shuka stejini, pita posho mili, uliza kwa mama fulani.

Mzee, Nyamasaria:
Nawasoma tu. Enzi za tivii moja mtaa mzima, mwenye tivii alikuwa haulizi nani wa nyumba yake. Aligeuza skrini iangalie dirisha, sisi tukakaa nje kwenye nyasi. Baadaye nilimlipia jirani nusu ya dikoda yake, waya ukapita juu ya paa. Wakaja kuukata. Hata hao walikuwa hawajaniuliza kama ni ndugu.

Karani, Section 58:
Mzee, shikamoo. Lakini huo waya ulikuwa wizi.

Mzee, Nyamasaria:
Marahaba. Ulikuwa. Mpira ulikuwa mzuri.

Mwanzisha mada:
Nimesoma yote. Mwalimu umenichapa na nimeumia, maana sikutegemea kipigo kitoke Bungoma. Nakubali kwamba mama ni kaya yake. Sikubali kwamba ilikuwa haki kuniuzia skrini nne halafu kunipangia zikae chumba kipi. Kama skrini ni nne na sisi tunatumia mbili, hizo mbili nimenunua nini?

Karani, Section 58:
Umenunua picha kali zaidi. Kifurushi kikubwa hakiuzi skrini peke yake. Shuka kifurushi kimoja, pesa itakayobaki mfungulie mama kile cha bei ya chini kinachokubali tivii, kwa jina lake. Mwanzoni mwa 2023 Netflix walishusha bei ya baadhi ya vifurushi hapa Kenya, na mimi naona walitaka watu wa kawaida walipe wenyewe badala ya kudandia. Kama yako ni kampuni nyingine, angalia kama nao wana kidogo cha namna hiyo.

Mwanzisha mada:
Na historia yake yote? Kuna tamthilia amefika katikati, hataki kuanza upya.

Fundi wa intaneti, Kisumu:
Netflix tangu Oktoba 2022 wanaruhusu kuhamisha profaili. Alichotazama, alipofikia, alichoweka pembeni, vyote vinaenda naye kwenye akaunti mpya. Angalia kama ya kwako inayo. Kisha usisahau bando: picha safi hula hadi GB 3 kwa saa. Mshushie ubora kwenye mipangilio, la sivyo utalipa filamu mara moja na data mara kumi.

Mwanzisha mada:
Nimempigia. Nimemweleza kwamba atakuwa na yake, yenye jina lake. Akanyamaza kidogo, akauliza kama sasa mimi nikija Desemba nitakuwa naingia kwake kwa msimbo.

Fundi wa intaneti, Kisumu:
Ukija kwake utatazama ya kwake, mwambie asijali. Lakini kama watoto watang'ang'ania akaunti ya Kiamunyi kwenye tivii ya mama, chagua kitufe cha msafiri. Kile cha kubadilisha kaya kiache. Mteja wangu mmoja wa Mamboleo alikibonyeza akiwa ushago: aliporudi akakuta tivii yake mwenyewe inamwambia yeye si wa nyumba hiyo.