Mwigizaji wa kike mwenye uraia wa nchi mbili: kwa nini Tanzania impoteze? Tujadili, wana Nyanda za Juu Kusini

Mleta mada, Mbeya mjini

Wadau, habari za jioni. Nasimamia kikundi cha maigizo hapa Mbeya, wengi wao ni mabinti waliomaliza shule. Wiki hii walibishana hadi mazoezi yakasimama: mwigizaji Lupita Nyong'o ni wa kwetu Afrika Mashariki au ni wa Mexico? Nimeona ubishi huu niulete hapa, kwa sababu chini yake kuna jambo linalotuhusu sana sisi tunaoishi karibu na mipaka miwili.

Lupita alizaliwa Mexico City mwaka 1983, baba yake Peter Anyang' Nyong'o akiwa mwalimu wa chuo huko. Mexico humpa uraia anayezaliwa kwenye ardhi yake. Wazazi wake Wakenya wakampa na wa Kenya. Yeye hakuomba hata mmoja, alizaliwa navyo vyote viwili. Alipopata Oscar mwaka 2014, Wakenya walishangilia, Wameksiko wakashangilia, na wote walikuwa na haki.

Sasa mchukulie binti huyohuyo, ila wazazi wake wametoka Rungwe. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 ingemvumilia akiwa mtoto. Akishatimiza miaka 18, inamtaka aukane uraia ule mwingine, na asipofanya hivyo ndani ya muda uliowekwa, uraia wa Tanzania unakoma. Halafu siku anapanda jukwaani mbele ya dunia nzima, sisi tunakaa kwenye televisheni tunasema "huyu asili yake ni Tukuyu". Asili tu! Kenya nao walikuwa na katazo kama letu. Katiba yao ya mwaka 2010 ililiondoa, tena ikawapa waliozaliwa Wakenya wakapoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine haki ya kuomba kurudishiwa.

Msimamo wangu nauweka wazi: mtu aliyezaliwa Mtanzania asilazimishwe kuacha kuwa Mtanzania. Nawakaribisha mnipinge, ila kwa hoja.

Mfanyabiashara, Tunduma

Dada mleta mada, hapa kwetu Nakonde ni kuvuka barabara. Nina ndugu upande wa Zambia, shangazi zangu wameolewa kule, tunazikana na tunachangiana harusi. Zambia walifungua mlango wa uraia pacha kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2016. Kwa hiyo mtoto wa ndugu yangu aliyezaliwa na wazazi wa pande mbili, Zambia inamwambia "kaa", sisi tunamwambia "chagua". Naunga mkono.

Mstaafu wa jeshi, Iringa

Wanangu, naomba mnisikilize na mimi. Mnazungumzia Oscar, mimi nazungumzia nchi.

Nilikuwa kijana wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Tuliitwa, tukaenda. Hakuna aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda endapo mambo yangeharibika, na hilo lilitufanya tusimame pamoja. Hapahapa mkoani Iringa, kambi ya Mgagao ilihifadhi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, watu waliokuwa wamenyang'anywa haki kwenye nchi zao wenyewe. Niliwaona. Kwao uraia lilikuwa jambo la kufia. Leo naambiwa uraia ni kitu cha kumrahisishia mtu kazi ya filamu. Naumia.

Hoja yangu ya pili ni ardhi. Nendeni Mufindi, nendeni Kilolo, mkaone mashamba ya miti. Wenye fedha kutoka mbali wamenunua vilima na mabonde, wanakijiji wamebaki vibarua kwenye ardhi ya babu zao. Kinachotukinga kidogo ni kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia taratibu zake. Mkishampa mwenye pasipoti ya Marekani na uraia wetu pia, anakuja na dola zake na kinga hiyo inakuwa haina maana. Msanii mmoja mwema atapita kwenye mlango huo, na nyuma yake watapita mia wasio wema.

Na la tatu nalisema kwa ufupi: anayeiba fedha za umma akiwa na nchi ya pili, anayo pa kukimbilia.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeongea, na hoja ya ardhi imenigusa kwa sababu kwetu Rungwe nako iko. Lakini mzee, hao walionunua vilima vya Mufindi, si wengi wao ni Watanzania wenzetu wenye uraia mmoja, kutoka Dar es Salaam na kwingineko? Mwanakijiji anapokonywa na mwenye fedha. Dawa yake ni mkutano mkuu wa kijiji kuwa na nguvu ya kukataa na serikali ya kijiji isiyouza kimyakimya. Tukimnyima uraia binti aliyezaliwa na Mnyakyusa huko Toronto, hakuna hekta hata moja itakayorudi Kilolo.

Kuhusu kazi ya filamu, naomba nieleze, maana wengi wanadhani pasipoti ya pili kwa mwigizaji ni pambo. Ni riziki. Kanada, kwa mfano, filamu ikitaka nafuu ya kodi ya serikali inapimwa kwa alama 10 na inahitaji angalau 6. Mwongozaji akiwa Mkanada ni alama 2, mwandishi 2, mwigizaji mkuu 1, anayemfuata 1, na zilizobaki zinagawanywa kwa kazi nyingine kama upigaji picha na uhariri. Maana yake uraia wa mwigizaji unaingia kwenye hesabu ya mtayarishaji kabla hata hajamsikia akisoma mistari. Mwigizaji Sandra Oh alizaliwa Kanada, akachukua uraia wa Marekani mwaka 2018. Kanada haikumfuta, kwa sababu tangu mwaka 1977 sheria yao inaruhusu. Kwa hiyo anafanya kazi Hollywood bila kibali cha mgeni, na akirudi nyumbani bado anahesabiwa Mkanada kwenye zile alama.

Binti wa Mbeya akifanya kama alivyofanya yeye, akirudi kuigiza hapa Uyole ni mgeni. Anahitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 na kibali cha ukaazi. Kuigiza nyumbani kwa mama yake, kwa lugha ya mama yake! Hapo ndipo ninapokasirika.

Mwalimu wa Uraia, Njombe

Naomba nichangie upande wa sheria, maana naona watu wanachanganya mambo mawili: uraia ambao mtu amezaliwa nao na uraia aliokwenda kuuomba akiwa mtu mzima. Nchi nyingi zilianza kuvitenganisha kabla ya kuruhusu vyote.

Chukueni Australia. Mwigizaji Nicole Kidman alizaliwa Honolulu, Hawaii, mwaka 1967, wazazi wake Waaustralia. Marekani ikampa uraia kwa mahali pa kuzaliwa, Australia kwa wazazi. Hadi mwaka 2002 sheria ya Australia ilimpokonya uraia mtu mzima aliyekwenda mwenyewe kuchukua wa nchi nyingine, lakini haikumgusa aliyezaliwa navyo vyote kama yeye. Mwaka 2002 wakafuta na hilo katazo.

Afrika Kusini ni mfano wa karibu zaidi. Mwigizaji Charlize Theron alizaliwa Benoni mwaka 1975 na akawa raia wa Marekani mwaka 2007. Sheria yao, nayo ya mwaka 1995 kama yetu, ilisema mtu mzima akichukua uraia mwingine bila kuomba ruhusa kwanza, wa Afrika Kusini unapotea wenyewe. Wengi waligundua hivyo wakiwa kaunta, wanataka pasipoti mpya. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ikakibatilisha kifungu hicho.

Sasa mzee wa Iringa ana hofu ya uaminifu, na si hofu ya kupuuzwa. Ila ina dawa yake. Katiba ya Kenya, ibara ya 78, inamkataza ofisa wa serikali wa ngazi ya juu kuwa na uraia wa nchi mbili. Australia, kifungu cha 44 cha katiba yao kinamzuia mwenye utii kwa nchi nyingine kuwa mbunge, na mwaka 2017 wabunge kadhaa walipoteza viti vyao kwa sababu hiyo, wengine wakiwa hawakujua kabisa kwamba wana uraia wa pili kupitia wazazi. Kidman anaweza kuigiza kwa pasipoti mbili maisha yake yote. Akitaka ubunge, ataukana mmoja. Huo ndio mstari ninaoufundisha darasani: utii wa anayeshika madaraka unapimwa kwa kipimo kikali kuliko wa msanii, mkulima au muuguzi.

Na serikali yetu imechagua njia ya hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia kwingine. Ni hatua, siibezi. Inawarahisishia kuingia, kukaa na kuwekeza. Lakini hadhi haikupi kura, na haimfanyi mtoto wako kuwa Mtanzania.

Mkulima wa mpunga, Kyela

Huku kwetu mto Songwe ndio mpaka na Malawi, na mto wenyewe unahama. Mvua kubwa zikija unabadili njia, shamba lililokuwa upande huu unaliona upande ule. Serikali mbili zina mpango wa pamoja wa bonde hilo kwa sababu hiyohiyo. Sisi na ndugu zetu Wangonde ng'ambo tunasikilizana lugha. Mnaobishana kuhusu Hollywood, tukumbukeni na sisi.

Mwigizaji, Mwanjelwa

Nimesoma yote nikasema ninyamaze, ila nimeshindwa.

Kwanza, mleta mada, kwa heshima zote, waigizaji wa kike wa Mbeya tatizo letu la kila siku si pasipoti ya pili. Wengi hatuna hata ya kwanza. Tunaigiza siku nzima kwa nauli ya bajaji na chakula, filamu ikishakamilika inapelekwa Dar es Salaam, na huko ndiko fedha inakobaki. Mjadala ukianza na Lupita na Charlize, wenzangu wanauona si wao.

Pili, pamoja na hayo, unanihusu mimi. Baba yangu ni Mzambia, alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mama ni wa hapa. Nilizaliwa Mbeya, na kwa sababu mama ni Mtanzania nilikuwa Mtanzania, kwa sababu baba ni Mzambia nilikuwa na haki ya kule. Nilipotimiza miaka 18 mama alinishika mkono tukaenda kufuata utaratibu, nikaukana wa Zambia. Baba alikuwepo nyumbani siku hiyo. Hakusema neno. Mpaka leo sijui alijisikiaje, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kumwuliza. Siku hizi nikiitwa Lusaka kwenye kazi naingia kama mgeni kwenye nchi ambako bibi yangu mzaa baba amezikwa.

Reli ile ina kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na ni mali ya nchi mbili, nusu kwa nusu. Hakuna aliyewahi kuiambia ichague. Sisi watoto wa watu walioiendesha ndio tuliambiwa tuchague.

Mzee wa Iringa, shikamoo. Mimi siogopi kuitwa vitani. Naomba unijibu: kama ningebaki na karatasi ya baba, ningekuwa nimeipunguzia nini Tanzania?

Mchangiaji, Mafinga

Tusisahau pia kwamba uraia wa pili una gharama. Marekani inadai raia wake watoe taarifa ya kodi hata wakiishi nje. Mwigizaji aliyezaliwa kule akaishi maisha yake yote Mafinga bado anadaiwa hiyo taarifa. Watu wasidhani ni raha tupu.

Mleta mada

Mdogo wangu wa Mwanjelwa, umesema kilichonishinda kusema. Na kuhusu malipo una haki: tutafungua mada yake peke yake, kwa sababu ni kubwa na inahitaji majina ya kazi na viwango, si huruma.

Mwalimu wa Njombe ametuonyesha mahali pa kushika. Naomba tuyatenganishe kama alivyofanya. Uraia wa kuzaliwa, kwa wazazi au kwa ardhi, mtu abaki nao wote. Madaraka ya juu, mtu achague kabla hajaapa. Ardhi ya kijiji, mkutano wa kijiji upewe meno kwa kila mnunuzi, awe na pasipoti moja au tatu. Mzee wangu, kwa masharti hayo matatu bado unapinga?

Mstaafu wa jeshi, Iringa

Marahaba, wanangu wote.

Binti wa Mwanjelwa, umeniuliza swali gumu na nimekaa nalo tangu asubuhi. Usingeipunguzia Tanzania kitu. Nasema hivyo bila kuzunguka. Tulijenga reli ile na Wazambia wakati wengine walikataa kutusaidia, na watoto wake si wageni kwa upande wowote. Kwa mtoto aliyezaliwa navyo vyote viwili, nakubali abaki navyo, kwa masharti aliyoyataja mleta mada, na lile la ardhi liandikwe kwanza.

Kwa mtu mzima aliyekwenda mwenyewe, akasimama mbele ya bendera ya nchi nyingine, akanyoosha mkono na kuapa, bado sikubali. Hao akina Theron na Oh hawakuzaliwa na uraia wa Marekani, waliuomba. Anayetaka kunishawishi juu yao aniambie kiapo kile kina maana gani kama cha kwanza bado kipo.

Mwalimu wa Uraia, Njombe

Mzee, Oh na Theron hawakuwahi kuapa kiapo cha kwanza. Wala mimi na wewe kwa uraia wetu wa kuzaliwa hatukuapa. Kesho nitaandika kwa urefu juu ya hilo, leo nina madaftari ya kusahihisha.