Tupeane uzoefu: watoto wetu na somo la uraia katika shule za Marekani

Wakuu, habari za siku nyingi. Uzi huu ni wa wazazi, walezi na walimu tulioko Marekani wenye watoto kwenye shule za serikali. Naomba tusimuliane somo la uraia limewafikaje watoto wetu, na kama kuna aliyewahi kusimama ili lifundishwe vizuri zaidi, iwe shuleni, mjini au hata kwenye bunge la jimbo. Naanza mimi.

Nipo Massachusetts, mji nauhifadhi. Binti yangu alipoingia darasa la nane alileta karatasi ya kusaini: wanafunzi watafanya mradi wa uraia. Nikasaini bila kusoma, nikijua ni mambo ya kuchora bendera. Mimi nimesoma Tanga. Kidato cha kwanza tulikariri alama za taifa zote, na hata leo ukiniamsha usiku wa manane nakutajia kilichomo kwenye ngao. Ila diwani wetu alikuwa nani, na ukiwa na shida unamkuta wapi, hilo sikulijua mpaka nimehama.

Kumbe ule mradi ni sheria. Huku elimu iko mikononi mwa kila jimbo, Washington haipangi mtoto asome nini, kwa hiyo anayetaka mabadiliko anapambana jimbo kwa jimbo. Hapa kwetu Gavana Charlie Baker alisaini Novemba 2018: kila shule ya umma yenye darasa la nane, na kila sekondari ya umma, lazima impe mwanafunzi angalau mradi mmoja wa uraia. Uongozwe na wanafunzi wenyewe na usiegemee chama chochote. Walimu, mashirika ya elimu na vijana wenyewe waliifuatilia sheria hiyo kwa wabunge, na mpaka sasa upo muungano, Massachusetts Civic Learning Coalition, unaoendelea kuisukuma.

Kikundi cha binti yangu kilichagua kivuko cha watembea kwa miguu karibu na shule. Jumamosi moja nikampeleka na mdogo wake. Baridi kali, yeye kashika simu anahesabu sekunde, mdogo wake anaandika kwenye daftari. Taa ya kuvuka ilikaa sekunde 14. Bibi mmoja mwenye mkongojo alitumia 22, na magari yalishaanza kumpigia honi akiwa katikati ya barabara. Binti yangu alirudi nyumbani kimya, hata chai hakunywa.

Wakaandika barua kwa baraza la jiji. Jibu likaja: barabara hiyo si ya jiji, ni ya jimbo. Wakaanza upya, kwa ofisi nyingine. Mwenzangu akaona wamepoteza wiki tatu bure. Mimi naona zile wiki tatu ndizo zilizokuwa somo lenyewe. Mtoto wa miaka 13 leo anajua barabara gani ya nani, na barua ya nini inaandikwa kwa nani. Mimi mtu mzima nilikuwa sijui.

Karibuni.

*Mama wa watatu, Chicago*

Asante kwa uzi huu ndugu yangu. Sisi huku Illinois sheria ya sekondari ilipita 2015, nusu mwaka wa masomo ya uraia, kisha 2019 ikaja ya darasa la sita mpaka la nane. Na sheria ya sekondari imetaja mpaka namna ya kufundisha: wajue taasisi za serikali, wajadili mambo yanayobishaniwa, wafanye kazi za kusaidia jamii, waigize jinsi demokrasia inavyofanya kazi.

Hapo kwenye kujadili mambo yanayobishaniwa ndipo palinipa shida. Mimi natoka Bujumbura. Nimekulia nyumba ambayo habari za siasa zikianza redioni, baba anapunguza sauti na mama anafunga dirisha. Sasa kijana wangu anakuja kuniambia kesho atakuwa seneta darasani na atapinga muswada mbele ya wenzake thelathini. Nikamwambia, mwanangu, kaa kimya, waache wengine waseme. Akanitii. Siku ile hakufungua mdomo.

Mwalimu akanipigia simu, na mkalimani kwenye laini. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kuna jambo nyumbani? Nikamweleza ya dirisha. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nije niketi nyuma ya darasa. Nilikwenda. Nikawaona watoto wanabishana kwa hoja, mmoja anasema "simuungi mkono mwenzangu", na kengele ilipolia wakatoka wamekumbatiana mabega. Mwanangu alisimama mara ya pili. Sauti ilimtetemeka, lakini alimaliza alichoandika.

Jamani, kabla ya kumwambia mtoto anyamaze, nendeni mkaone.

*Msaidizi wa mwalimu, Massachusetts*

Mimi ni Mkongo wa Uvira, nafanya kazi na wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Nitasema jambo ambalo wazazi wengi hawalioni kwa sababu linatokea saa nne asubuhi, wao wako kazini.

Shuleni kwetu watoto wapya, Waswahili na wengine, walikuwa wanatolewa darasani kwa ajili ya masomo ya ziada ya Kiingereza. Na kipindi walichokuwa wanatolewa ni kile cha uraia! Wenzao wanachagua tatizo, wanalichunguza, wanapanga hatua, wanakwenda kulisema kwa wakubwa, hawa wangu wako chumba kingine wanajaza nafasi zilizoachwa wazi. Mwisho wa muhula majina yao yanabandikwa kwenye mradi wa kikundi ambao hawakuugusa. Liliniuma sana.

Sikuwa na cheo cha kulisimamisha. Nikaanza kuongea na wazazi kanisani na msikitini. Tukapata sita wa kwenda kwenye kikao cha kamati ya shule ya mji. Kila msemaji dakika tatu tu, kwa hiyo tulifanya mazoezi sebuleni kwa mama mmoja, saa mezani, kila mtu sentensi zake chache. Hatukuomba huruma. Tulisoma kile sheria inachosema, kwamba mradi ni haki ya kila mwanafunzi, tukauliza: watoto hawa wamo au hawamo?

Muhula uliofuata mwalimu wa Kiingereza alianza kuingia yeye darasani badala ya watoto kutolewa. Haikuchukua fedha nyingi, ilikuwa kupanga ratiba upya. Na kwenye hatua ya utafiti watoto wakaruhusiwa kuwahoji wazazi wao kwa Kiswahili. Baba mmoja, dereva wa usiku, alihojiwa na mwanawe kuhusu basi linaloisha mapema. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto kuandika maneno ya baba yake kwenye kazi ya shule.

*Mzee, Worcester*

Wanangu, msikidharau sana kukariri. Sisi wa umri wetu tulisoma Siasa. Somo la Uraia lilikuja baada ya vyama vingi kurudi nyumbani Tanzania 1992. Kukariri huko ndiko kulikonisaidia kwenye mtihani wa uraia wa Marekani. Nilikuwa na orodha ya maswali 100, unaulizwa 10, unatakiwa upate 6. Walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana 128, wanaulizwa 20, wapate 12.

Mjukuu wangu ndiye alikuwa ananiuliza maswali kila jioni. Nikijibu "Katiba", yeye ananiambia, "Babu, kwa nini Katiba ndiyo sheria kuu, siyo rais?" Mwanzoni nilikasirika, nataka kufaulu tu. Baadaye nikawa nangojea hicho "kwa nini" chake. Maswali niliyoyasahau sasa ni yale tuliyoyapita bila kubishana.

*Mgeni wa jukwaa*

Swali moja. Mimi sina uraia, nina kadi ya ukaazi. Naruhusiwa kwenda kusema kwenye mambo haya?

*Mwanzisha uzi*

Ndugu yangu, unaruhusiwa. Kupiga kura ndiyo bado, kusema hakukungojei uraia. Mimi mwenyewe nina kadi kama yako na nimeshapeleka maoni kwa mbunge wa eneo langu.

Sababu ni hii. Sheria ya 2018 iliunda mfuko wa kusaidia miradi hii na mafunzo ya walimu, lakini kinachoingia humo kinategemea bajeti ya kila mwaka. Niliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, binti akautafsiri. Nikasimulia kivuko, zile sekunde 14, yule bibi. Kijana wa ofisini kwa mbunge akanipigia kuuliza kivuko kiko wapi hasa.

Gavana anatoa bajeti yake Januari, Baraza la Wawakilishi linaijadili Aprili, Seneti Mei. Barua zetu zinafaa ziwe zimefika Machi. Walioko Massachusetts tukae pamoja mwisho wa Februari tuziandike, kila mmoja kwa kisa chake. Mkalimani tunaye, binti yangu amekubali. Aliye tayari aniandikie inbox mji wake.