Mpwa wangu amevua jezi ya Michigan. Ubingwa wa 2023 nimwambie ni halali?

FundiWaMajengo

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Majengo, na nina swali lililonikaa kooni tangu Agosti 15, 2025, siku NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, walipotoa uamuzi wao juu ya timu ya Chuo Kikuu cha Michigan kupeleleza ishara za wapinzani. Najua wengi hapa ni watu wa Bandari, Arsenal na Man U. Lakini wapo pia wanaokesha kama mimi kutazama mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti. Nisaidieni, kwa sababu aliyeniuliza ni mtoto.

Mdogo wangu alikwenda kusoma uhandisi Ann Arbor, mji wa chuo hicho. Jumamosi za mechi alikuwa akinipigia simu ya video kutoka ndani ya uwanja wao, uwanja unaochukua watu 107,601. Mimi niliyezoea kusimama Mbaraki nikaona watu wamejaa mpaka wanafanana na mchanga. Nikashikwa. Na kuwa mtu wa Michigan miaka ile ilikuwa na maana moja: kila Novemba unafungwa na Ohio State, mahasimu wetu wakubwa. Kutoka 2012 hadi 2019 hatukuwashinda hata mara moja. Ndipo ikaja Novemba 27, 2021. Theluji ilikuwa yaanguka, tukawapiga 42 kwa 27, nami nikatoka uani nikasujudu. Mpwa wangu, mtoto wa dadangu, alikuwa na miaka tisa, na tangu usiku ule hatukuachana tena kwenye mechi.

Jezi yake nimeishona mwenyewe. Kitambaa cha buluu iliyoiva, nambari 2 ya manjano ya mahindi, na jina CORUM, mkimbiaji wetu, mgongoni, herufi nimezikata kwa mkono moja moja. Aliivaa usiku wa fainali, kwetu ilikuwa Januari 9, 2024, saa tisa na nusu za usiku. Chai ya tangawizi, mahamri ya jana, na Blake Corum akaingiza mara mbili. Michigan 34, Washington 13. Asubuhi mtoto akaenda shule bila kulala na hakulalamika.

Sasa amefika miaka kumi na tatu, asoma Kiingereza vizuri kunishinda. Ile hukumu aliisoma yote kwenye simu yangu. Alisoma kuhusu Connor Stalions, mfanyakazi wa timu yetu, aliyenunua tiketi za mechi zaidi ya 30 katika viwanja vya vyuo 11, akawagawia watu wakae mkabala na benchi la timu tutakayocheza nayo baadaye na kurekodi ishara za makocha kwa simu. Alisoma kwamba wale watu waliitwa "KGB" na zile video zikaitwa filamu chafu. Alisoma kwamba Sherrone Moore, aliyekuwa kocha mkuu wakati wa hukumu ile, alifuta ujumbe 52 aliokuwa ameandikiana na Stalions. Alikuja kibandani akaivua jezi, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya cherehani. Akaniuliza, "Mjomba, hii ni jezi ya wezi?" Kisha akauliza, "Na Corum naye alijua?"

Nilikuwa nimeshika gauni la bibi harusi. Niliendelea kupiga pindo hadi akaondoka, sikumjibu neno.

Swali langu ni hili: ubingwa haukufutwa, kombe liko Ann Arbor mpaka leo. Je, mimi shabiki niliyekesha, nimwambie mtoto ni wetu kwa haki? Sitaki jibu la kumtuliza. Nataka jibu ambalo akifika miaka thelathini hatarudi kuniambia nilimdanganya.

RefaWaTudor

Kaka Fundi, mimi hupuliza filimbi kwenye mechi za mitaa, kwa hivyo naanza na sheria, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

Kusoma ishara za mpinzani siku ya mechi si kosa. Kwa mpira wa vyuo, hadi msimu wa 2023 hakukuwa na redio ndani ya helmeti. Kocha anataka kumwambia mchezaji wake, yule anayegawa mpira, ni mbinu gani itumike. Kwa hivyo watu wanasimama kando ya uwanja wakipunga mikono, wakigusa kofia, wakiinua mabango yenye picha. Mmoja ndiye wa kweli, wengine ni wa kumpoteza adui. Ukiwa na jicho kali ukazifumbua palepale, hongera yako.

Yaliyokatazwa ni mawili. La kwanza ni kutumia vyombo vya umeme kurekodi ishara. La pili, na watu hulipita upesi, ni kumtuma mtu akaitazame kwa macho mechi ya timu utakayokutana nayo msimu uleule. Marufuku hii iliwekwa 1994, na sababu yake ilikuwa gharama. Vyuo vyenye pesa vingeweza kupeleka watu kila kona ya nchi, vyuo vidogo visingeweza. Kwa hiyo usimwambie mtoto "kila mtu huiba ishara." Hilo ndilo neno waliloshika mashabiki wengi wa Michigan, na ni kweli nusu tu. Kuiba kwa jicho, ndiyo. Kununua tiketi za viwanja 11, hapana. Sheria ile iliwekwa kumlinda asiye na nauli, na sisi tunaofuatilia timu za mitaani tungekuwa wa kwanza kuielewa.

Kuhusu Corum, uamuzi wote ule haukumwadhibu mchezaji hata mmoja.

DerevaWaColumbus

Ndugu yangu Fundi, mimi mzaliwa wa Kisauni, sasa naendesha lori, na nyumbani kwangu ni Columbus, Ohio, mji wa Ohio State. Kwa hivyo unajua niko upande gani. Nimeisoma habari ya mpwa wako mara mbili.

Nikueleze hali ya upande huu. Novemba 2021 wewe ulisujudu, mimi nilikaa ndani ya lori kwenye maegesho nusu saa nzima kabla ya kuingia nyumbani. 2022 tukapigwa hapahapa kwetu, 45 kwa 23. Kocha wetu Ryan Day akatukanwa, akaitwa laini, wachezaji wakaitwa waoga. Vijana wale wakamaliza chuo na jina hilo mgongoni. Halafu Oktoba 2023 ndipo twaambiwa kulikuwa na mtu mwenye ishara zetu kwenye simu. Nani atawarudishia? Faini ya zaidi ya dola milioni 20 inaingia NCAA, haiingii kwa beki aliyezomewa akiwa na miaka ishirini. Harbaugh, aliyekuwa kocha wao mkuu miaka ile, amepewa miaka 10 ambayo chuo chochote kikimtaka lazima kijieleze kwanza, naye yuko zake Los Angeles afundisha Chargers, timu ya kulipwa, kule amri hii haimgusi.

Lakini nitakuwa mkweli, kwa sababu umesema hutaki jibu la kumtuliza mtoto. Stalions alijiuzulu Novemba 3, 2023. Baada ya hapo timu zote zilijua, kila mtu akabadilisha ishara zake. Harbaugh akafungiwa mechi tatu, Moore akashika usukani. Wakaenda Penn State, wakamaliza mechi kwa kukimbia na mpira mara 32 mfululizo. Hawakuficha lolote: kila mtu uwanjani alijua wanakuja kukimbia, na hawakuzuilika. Halafu wakatupiga sisi 30 kwa 24, beki wao Rod Moore akadaka pasi ya Kyle McCord, mgawa mpira wetu, mwisho wa mechi. Halafu Alabama, halafu Washington. Mechi ile ya 2023 nawapa. Inaniuma lakini nawapa, tulifungwa na watu waliotushinda nguvu.

2021 na 2022 usiniombe. Hizo sitasema hongera mpaka naingia kaburini.

MzeeWaBarazani

Mwanangu Fundi, mpira huo siujui, watu wamevaa kama wanakwenda kuzima moto. Lakini ishara nazijua.

Hapa Kuze twacheza karata wanne, wawili kwa wawili, tangu sijaoa. Mwenzio akiwa na turufu kubwa hawezi kukwambia kwa mdomo, atagusa sikio, atakonyeza, atakohoa. Na mimi mpinzani nikimtazama siku nyingi nitajua kikohozi kile ni cha kifua au ni cha turufu. Huo ni werevu, na akijua nimemjua atabadilisha, na hapo ndipo utamu ulipo.

Alikuwapo mtu mmoja, jina lake silitaji, amekwisha kufa Mungu amrehemu. Alimweka kijana dirishani nyuma ya migongo yetu, kijana yuaona karata zetu, yuampigia mluzi. Alishinda mwezi mzima wa Ramadhani. Tulipogundua hatukumpiga wala hatukumtukana. Tuliinuka tu. Akija kukaa, twainuka. Aliishi miaka kumi na nane zaidi akipita mbele ya baraza ile bila kukaribishwa karata.

Mwenzake waliyecheza naye hakujua habari ya kijana. Yeye tuliendelea kucheza naye. Ila alikuwa akishinda, na alikuwa stadi kweli, kila mara alitazama dirishani kwanza. Huyo ndiye aliyenihuzunisha. Kwa hivyo huyo Corum wa mpwa wako, ikiwa hakujua, mwoneeni huruma.

KochaDadaLikoni

Naongeza moja kwa Mzee, maana nafundisha wasichana na jambo hili nimelizungumza nao. Olimpiki ya 2024, Ufaransa, timu ya wanawake ya Kanada ilikamatwa ikirusha droni juu ya mazoezi ya New Zealand. FIFA ikawakata pointi 6, kocha Bev Priestman akafungiwa mwaka mmoja. Wachezaji wakabaki na deni ambalo si wao waliokopa. Wakashinda mechi zote tatu za kundi na wakapita na pointi zao 3. Wasichana wangu waliwashangilia Wakanada wale kuliko timu nyingine yoyote, na walikuwa wanajua kila kitu.

Fundi, usimwamulie. Mwekee mezani tarehe na mechi, aamue mwenyewe ipi aipende. Miaka kumi na tatu si mdogo.

FundiWaMajengo

Nimerudi. Ahsanteni sana, na Dereva, nakushukuru zaidi ya wote, kwa sababu wewe ulikuwa na haki ya kunikejeli na hukufanya hivyo.

Nilifanya alivyosema Kocha. Jana baada ya Isha nilichukua karatasi ya kukatia mitindo, nikapiga mstari wa chaki katikati. Upande huu kabla ya Novemba 3, 2023, upande huu baada. Tukaandika mechi pamoja. Baada ya mstari: Purdue, Penn State, Maryland, Ohio State, Iowa, Alabama, Washington. Mechi saba, zote ushindi, na tatu kati yake kocha mkuu hakuruhusiwa uwanjani. Corum kule Rose Bowl, nusu fainali, dakika za nyongeza, alipopenya yadi 17 dhidi ya Alabama, yuko upande huu. Mtoto aliweka kidole hapo akakaa kimya muda. Nikamwambia, "Hizi nazisimamia. Mtu akikuuliza, zisimamie."

Akasema, lakini Mjomba, mechi za mwanzo wa msimu uleule ziko upande ule, na bila hizo hawangefika fainali. Ni kweli. Sikubisha. Nane za mwanzo walizishinda kwa tofauti kubwa, lakini Stalions alikuwa bado hajajiuzulu, na mimi siwezi kuzitenganisha. Nilimwambia hivyo hivyo.

Kisha akaniuliza lile nililokuwa naliogopa. "Na ile ya theluji?"

Ile ndiyo yangu. Fainali ni ya mtoto, lakini ile ya theluji ndiyo niliyosujudia. Vijana walicheza, niliona kwa macho yangu Hassan Haskins akiingiza mara tano, mtu mzima anabeba mabeki watatu mgongoni, na hakuna video ya simu inayompa mtu miguu ile. Lakini msimu wa 2021 umo ndani ya hukumu. Dereva alikaa ndani ya lori lake nusu saa, na mimi siwezi kumwapia mbele ya mtoto kwamba alifungwa kwa haki. Nikamwambia mpwa wangu, "Ile siwezi kuisimamia. Niliipenda sana na siwezi kuisimamia." Sauti ilinikwama, na yeye aliona.

Hakusema kitu. Aliikunja ile karatasi akatia mfukoni. Alipofika mlangoni akauliza mechi ya kwanza ya msimu ni lini. Nikamwambia ni na New Mexico, usiku wa kuamkia Jumapili Agosti 31, saa nane na nusu. Akasema nimwamshe.

Jezi hakuichukua. Nimeipiga pasi, nimeitundika kwenye kamba pamoja na nguo za wateja zinazongoja wenyewe.