Mjadala: Bobby wa Company awe mwanamume au mwanamke?

Wadau wa sanaa za jukwaani, habari zenu. Naleta hoja hii tuijadili bila jazba, maana kila ikiguswa watu hugawanyika makundi mawili.

Kwa asiyeufahamu, Company ni mchezo wa muziki uliofunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo New York, mwaka 1970. Nyimbo ni za Stephen Sondheim, mazungumzo yaliandikwa na George Furth. Bobby anatimiza miaka 35. Ni kapera, maisha yake mazuri, na marafiki zake wa karibu ni wanandoa, jozi tano, ambao hawaishi kumuuliza ataoa lini. Hakuna kisa cha moja kwa moja. Anaingia nyumba hii, anatoka, anaingia ile, na anayoyaona humo ndiyo yanayomtia hofu. Mke na mume wanaanza kuoneshana karate mbele ya mgeni kwa utani, mara utani umeisha na wamekabana kweli kweli. Wengine wawili wanapeana talaka, halafu wanaendelea kukaa pamoja, tena kwa raha kuliko walipokuwa na cheti.

Mwaka 2018 mwongozaji Marianne Elliott aliupandisha London akamgeuza Bobby kuwa Bobbie, mwanamke, akaigizwa na Rosalie Craig. Baadaye ukahamia Broadway na Katrina Lenk. Ubishi ukaanzia hapo.

Mimi niko upande wa mwanamke, na nitasema kwa nini.

Bobby wa kiume ana muda. Waume wa rafiki zake wanamtafutia wasichana huku wivu umewajaa machoni. Wake zao wanamwonea huruma, lakini hakuna anayemhukumu. Akiamua kuoa mwakani au baada ya miaka kumi, hasara ni yake na haionekani sana. Mpe mwanamke maswali yale yale uone. Maneno hayajabadilika lakini uzito umebadilika, kwa sababu yeye haulizwi, anahukumiwa. Na hili si la New York peke yake. Dada yeyote wa Dar au Mombasa aliyewahi kukaa na mashangazi harusini akaambiwa "na wewe lini?" anajua tabasamu linavyoweza kuchoma. Elliott aliliona hilo. Nyumba za marafiki alizifanya visanduku vidogo vyenye taa pembeni, Bobbie anabanwa humo, na maputo ya namba 3 na 5 yanakuwa makubwa mno kuliko sherehe yenyewe.

Wanaopinga wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba kazi ya msanii isiguswe, naiona nyepesi. Sondheim mwenyewe aliridhia na akashiriki kurekebisha maneno ya nyimbo. Hata mwaka 1970 wimbo wa mwisho ulibadilishwa wakati wa majaribio Boston kwa kuwa wa awali ulikuwa mchungu mno. Toleo hili la Elliott lilipangwa kufunguliwa Broadway tarehe 22 Machi 2020, siku ambayo Sondheim alitimiza miaka 90. Korona ikalizuia. Liliporudi Novemba 2021 aliwahi kuja kulitazama, na siku chache baadaye, tarehe 26, akafariki. Huyo si mtu aliyeporwa kazi yake.

Hoja ya pili ndiyo nzito. Wanasema ukimweka mwanamke mwishoni akiimba kwamba anahitaji mtu wa kuishi naye, umerudi kwenye funzo la zamani kwamba mwanamke bila mume hajakamilika. Tena kuna ile ngoma ya katikati, ambayo zamani Donna McKechnie aliicheza peke yake Bobby akiwa na mpenzi wake kitandani. Elliott aliigeuza ikawa jinamizi: akina Bobbie wengine wanatokea, huyu na mimba, yule na mtoto mchanga. Hapo nakubaliana na wapinzani. Shaka ya Bobby ilikuwa juu ya kumruhusu mtu akuguse moyo, si juu ya uzazi, na mwanamke naye ana haki ya kuwa na shaka hiyo tupu, bila saa ya tumbo kugonga nyuma yake.

Lakini mwisho wenyewe nautetea. Marafiki wanajificha gizani wakimsubiri kwa sherehe, hatokei, wanakata tamaa na kuondoka. Ndipo anajitokeza na kuzima mishumaa peke yake. Bwana harusi hakuna. Alichokipata ni kujua anachotaka, na hicho ni chake.

Kuna tukio moja ningependa tulichambue kwa macho ya kwetu. Joanne, mkubwa wao wote na aliye kwenye ndoa ya tatu, analewa klabuni na katika toleo la kwanza anamtaka Bobby mwenyewe, akimwahidi kumtunza. Bobby anauliza: na mimi nitamtunza nani? Swali hilo ndilo linalompasua. Katika toleo la mwanamke, Joanne anamtolea Bobbie mume wake, Larry. Kwa Mmarekani huo ni ukichaa wa mlevi. Hadhira ya Pwani ingesikia uke wenza, jambo lenye taratibu na majina yake, na tukio lingekuwa jingine kabisa.

Mnaotaka Bobby abaki mwanamume, nijibuni kwenye hili hasa: mwaka huu, nani anamwuliza mwanamume wa miaka 35 swali hilo kwa nguvu ya kubeba mchezo wa saa mbili na zaidi? Na mnaokubaliana nami, ile ngoma ya watoto mngeiondoa au mngeibakisha?